Kuhamisha maktaba ya vipuri tuliyoirekebisha wenyewe kutoka SolidWorks 2019 hadi 2025

KarakanaMalindi ameuliza:

Assalaam aleikum, wenzangu wa michoro na karakana.

Tuna karakana ya vyuma hapa Malindi, na kazi zetu nyingi ni za baharini: magati madogo ya hoteli na ya nyumba za ufukweni, minara ya matangi ya maji, na vyuma vya mashua tunavyowatengenezea wateja wa Lamu, hasa bawaba za usukani na pete za kufungia kamba. Wachoraji wote wanatumia SolidWorks 2019, programu ya kuchorea vipuri kwa kompyuta, na folda ya Toolbox, yaani maktaba yake ya bolti na vipuri vya kawaida, imewekwa kwenye seva ili kila mmoja achukue bolti, nati na washa mahali pamoja. Sasa tumenunua leseni mpya na tunataka kuhamia toleo la 2025.

Programu yenyewe hainipi hofu. Ninachohofia ni ile maktaba, ambayo kwa miaka yote hii tumeijaza mambo yetu wenyewe. Kila ukubwa wa bolti tumeupa nambari ya stoo, maelezo ya Kiswahili, na sifa inayotaja daraja la chuma, kwa sababu huku kwetu tofauti kati ya A2 na A4 si jambo dogo. Bolti ya A2, yaani stenlesi ya jamii ya 304, hushika madoa ya kutu mapema ikipigwa na maji ya chumvi, lakini A4, ya jamii ya 316, ina molibdenamu inayoisaidia kustahimili. Mchoro ukitoka bila sifa hiyo, stoo hutoa bolti yoyote iliyo karibu.

Zaidi ya hayo, tulinakili kiwango cha kimataifa cha ISO ndani ya Toolbox, tukakipa jina letu, kisha tukarekebisha vichwa vya bolti, kwa kuwa nyingi tunazouziwa madukani ni za kipimo cha DIN, yaani cha Kijerumani. M12 ya DIN 933 ina kichwa cha milimita 19, ilhali ya ISO 4017 ina milimita 18. M10 nayo ni 17 kwa 16. Katika mabano ya gati ambamo spana haina nafasi ya kugeuka, milimita hiyo moja ndiyo inayoamua kama fundi ataweza kukaza nati au hataweza.

Nimeweka toleo jipya kwenye kompyuta moja ya majaribio, isiyotumika kwa kazi za wateja, nikafungua nakala ya mkusanyiko wa gati moja, yaani faili linalounganisha vipuri vyake vyote. Bolti zote za M12 zimetokea kubwa kupita kiasi, nyingine nene kuliko nguzo zinazozishikilia. Kwa hiyo nauliza: data yetu tutaihamishaje ikiwa nzima, na je, michoro ya zamani itaendelea kuzitambua bolti zake?

FundiMkomani (Lamu) amejibu:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nitaanza na hizo bolti kubwa, kwa sababu ukishajua zimetoka wapi utakuwa umeuelewa uhamisho wenyewe.

Kwa kawaida, faili moja la bolti katika Toolbox hubeba saizi nyingi kwa pamoja, na kila saizi ndani yake ni usanidi wenye jina lake. Mkusanyiko wako wa gati hushika jina la faili na jina la usanidi, kisha huenda kulitafuta faili hilo kila unapofunguliwa. Kompyuta yako ya majaribio imewekewa Toolbox mpya kwenye diski yake, na bila shaka iko C:\SOLIDWORKS Data. Ukifungua chaguo za mfumo, kwenye ukurasa wa matundu na Toolbox, utaona kisanduku kinachoifanya folda hiyo kuwa ya kwanza kutafutwa kwa vipuri vya Toolbox. Kikiwa kimetiwa alama, programu hailigusi kabisa faili lililoko kwenye seva yenu. Hulichukua la kwake lenye jina lile lile, huukosa ndani yake usanidi mliouunda nyinyi, na huonyesha usanidi mwingine uliopo, ambao mara nyingi ni wa saizi kubwa. Kwa hiyo michoro yako haijaharibika. Ifunge bila kuihifadhi, uielekeze kompyuta hiyo kwenye nakala ya maktaba yenu iliyopandishwa toleo, kama nitakavyoeleza, na bolti zitarudi kwenye saizi zake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Watu wengi hudhani kwamba maktaba ni yale mafaili ya vipuri, wakayanakili na kuiacha hifadhidata, au wakanakili hifadhidata na kuyaacha mafaili. Maktaba yenu ni mambo matatu yanayotegemeana. Kuna mafaili ya vipuri pamoja na usanidi uliomo ndani yake. Kuna hifadhidata iitwayo swbrowser.sldedb, iliyomo katika folda ya lugha, ambayo ndiyo inayoshika nambari zenu za stoo, maelezo, sifa, kiwango mlichokinakili, na hata vipimo vya matundu mlivyojiongezea. Na kuna njia ya folda ambayo kila kompyuta imeambiwa iifuate. Kimoja kikiachwa nyuma, viwili vilivyobaki havitakufaa.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Chagueni siku ambayo karakana imefungwa na hakuna aliyefungua mchoro wowote, kwa sababu faili la hifadhidata likiwa limeshikwa na kompyuta nyingine halitaandikwa vizuri. Nakilini folda nzima ya Toolbox kutoka kwenye seva hadi diski ya kompyuta moja, na nakala nyingine muiweke kwenye diski ya nje itakayotolewa ofisini kabisa. Kisha wekeni toleo la 2025 kwenye kompyuta hiyo, na kisakinishaji kitakapofika kwenye sehemu ya Toolbox kitakupa njia mbili: kuunda Toolbox mpya, au kuitumia iliyopo na kuipandisha toleo. Chagua hii ya pili na uielekeze kwenye nakala iliyoko kwenye diski ya hapo hapo. Usiielekeze kwenye seva. Maktaba ikishapandishwa hairudi nyuma, na waliobaki kwenye toleo la 2019 hawataweza tena kuitumia. Isitoshe, kupandisha hifadhidata kupitia mtandao, katika mji ambao umeme hukatika bila kubisha hodi, ni kujitafutia balaa. Hata kwenye diski ya hapo hapo, kompyuta iwe kwenye betri ya akiba.

Kazi ikimalizika na mkaikagua, ndipo folda iliyopandishwa ipelekwe kwenye seva kwa jina jipya, kando ya ile ya zamani, na kila kompyuta inayohamia 2025 ielekezwe huko. Wote wanaoshiriki folda moja ya Toolbox lazima wawe kwenye toleo la mwaka mmoja.

Msibadilishe jina la faili lolote la kipuri wakati wa uhamisho, hata kama jina la zamani linawaudhi. Hifadhidata inalitambua faili kwa jina hilo, na michoro yenu yote pia.

BintiLangoni (Lamu) amejibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Fundi, na mimi nitaongeza kwa upande wa data, kwa kuwa kazi yangu ni kuoanisha orodha za vifaa zinazotoka kwenye michoro na kilichopo stoo.

Kaka wa Malindi, kabla hujagusa chochote, fungua mipangilio ya Toolbox ukiwa bado kwenye 2019, uende kwenye sehemu ya kurekebisha vipuri, na kwa kila aina ya bolti, nati na washa mnazozitumia, toa jedwali la nambari za stoo na maelezo yake hadi Excel. Programu yenyewe ina kitufe cha kufanya hivyo, na jedwali hilo hilo linaweza kurudishwa ndani baadaye. Nasisitiza jambo hili kwa sababu likifanyika mapema, hata hifadhidata ikikataa kupanda vizuri, jasho lenu la miaka halijapotea. Mtarudisha nambari kutoka kwenye majedwali badala ya kuziandika upya moja moja.

Baada ya kupandisha, usitosheke kuona kwamba bolti zimeonekana katika saizi sahihi. Chukua mkusanyiko ambao orodha yake ya vifaa ilishachapishwa na kazi yake ikakamilika, uufungue kwa toleo jipya, utoe orodha upya, kisha uziweke mbili hizo bega kwa bega. Tazama safu ya nambari, safu ya daraja la chuma, na idadi. Umbo linaweza kuwa sahihi na sifa ikawa tupu, na sifa tupu haionekani kwenye skrini. Huonekana siku shehena inapofika Manda na bolti za A2 zimechanganyika na za A4. Kisha buruta bolti mpya ya M12 kutoka katika kiwango chenu, uiweke kwenye mchoro mtupu, na upime kichwa. Kama ni 19, kiwango chenu kimehama. Kama ni 18, basi ama umechukua bolti kutoka ISO ya asili, ama nakala yenu haikufuata.

Kuna jambo moja ambalo pengine Fundi hatakubaliana nami. Maktaba iliyotumika miaka mingi huwa na takataka: nambari mbili kwa bolti moja, maelezo yaliyoandikwa kwa namna tatu, saizi ambazo hakuna anayeziagiza. Mimi ningeisafisha kwanza ndipo niihamishe, maana kuhamisha takataka ni kuzipa makao mapya.

FundiMkomani amejibu:

Bi Langoni, kuhusu majedwali ya Excel na ulinganisho wa orodha, nakubaliana nawe kikamilifu, na laiti kila karakana ingefanya hivyo.

Kuhusu usafishaji, sikatai kwamba unahitajika. Ninachokataa ni kuuchanganya na uhamisho. Ukifuta saizi, ukaunganisha nambari na kupandisha toleo ndani ya siku hizo hizo, halafu mchoro mmoja ukatoa orodha isiyolingana, utajuaje ni badiliko lipi lililosababisha? Kama wana muda wa kusafisha mwezi mmoja kabla, na wakaendelea kufanya kazi kwenye 2019 hadi waone kwamba hakuna kilichovunjika, basi wasafishe kwanza kama unavyosema. Kama hawana muda huo, wahamishe maktaba kama ilivyo, na usafi ufanyike baada ya toleo jipya kuzoeleka.

BintiLangoni amejibu:

Nimekuelewa, na kwa sharti hilo la kuachanisha muda sina ubishi.

MhandisiShella (Malindi) amejibu:

Mimi nina mtazamo tofauti. Kwa nini muendelee kujifunga na Toolbox? Kila saizi ya bolti mnayoitumia ihifadhini kama faili lake peke yake, lenye nambari ya stoo kama jina, na muyaweke mafaili yote katika folda ya kawaida ya maktaba ya michoro. Faili la kawaida halina hifadhidata ya kupandishwa, halitegemei kisanduku cha mipangilio, na ukimtumia mtu mkusanyiko, bolti zake zinakwenda kwa ukubwa wake. Zaidi ya hayo, Toolbox inapatikana kwa leseni ya Professional au Premium tu. Je, mmehakikisha kwamba leseni mpya mliyouziwa ni ya ngazi hiyo?

FundiMkomani amejibu:

Hoja ya leseni ni ya msingi, na ithibitishwe kabla ya kuanza. Mwenye leseni ya Standard ataweza kufungua mikusanyiko iliyo na bolti hizo, lakini hatakuwa na Toolbox ya kuzivutia bolti mpya wala ya kuziwekea nambari.

Kuhusu kuachana na Toolbox, mhandisi, ningegawanya jambo hilo. Bawaba za usukani, pete za kamba na vyuma vingine vya mashua, ambavyo kila kimoja ni umbo lililobuniwa na karakana yenyewe, havina faida yoyote kuwamo ndani ya Toolbox. Hivyo ningevitoa na kuviweka kwenye maktaba ya kawaida kama unavyoshauri. Ila tahadhari: faili lililowahi kuwa kipuri cha Toolbox lina alama ya ndani inayolitambulisha hivyo, na kulihamisha folda peke yake hakuiondoi. Alama hiyo hubadilishwa kwa programu ndogo iitwayo sldsetdocprop.exe, inayokuja pamoja na Toolbox. Msipoiondoa, programu itaendelea kulichukulia faili hilo kama kipuri cha Toolbox na kulitafuta huko.

Lakini bolti, nati na washa ningeziacha humo humo. Karakana inayotumia urefu mwingi wa kila kipenyo, katika madaraja mawili ya chuma, itajikuta na mamia ya mafaili ya kutunza kwa mkono, na daraja la chuma likibadilika katika agizo moja, itabidi kila bolti ibadilishwe peke yake. Isitoshe, kazi ya kubadilisha michoro yote ya zamani ili ielekee kwenye mafaili mapya ni kubwa kuliko huo uhamisho unaokusudia kuukwepa.

MhandisiShella amejibu:

Mgawanyo huo ni wa haki. Kwa bolti nakubali zibaki, ili mradi wasisahau kuzijaribu kwenye kompyuta ya pili kabla ya kuwaruhusu wachoraji wote wahamie, kwa sababu mipangilio ya njia huwekwa kwa kila kompyuta, na kompyuta moja kufaulu si ithibati kwamba ya pili nayo imeelekezwa sawasawa.

KarakanaMalindi ameandika:

Allah awalipe kheri nyote. Nimethibitisha leseni, ni ya Professional. Nimeielekeza kompyuta ya majaribio kwenye nakala iliyopandishwa na bolti zimerudi kwenye saizi zake, na kichwa cha M12 kinapima 19.

Yamebaki mawili. La kwanza, tunashirikiana na mkandarasi wa Mombasa aliyeko kwenye toleo la 2021, ambaye hutuomba mikusanyiko ili aweke mabomba yake juu ya magati yetu. La pili, tuna wasifu (maumbo ya mkato) wa mabomba ya mraba na vyuma vya pembe tunavyovitumia kwenye fremu, pamoja na jedwali letu la vyuma lenye stenlesi ya 316 kwa rangi na uzito tulioupanga. Je, hivyo navyo vimo ndani ya Toolbox?

FundiMkomani amejibu:

Alhamdulillahi. Nitaanza na la pili kwa kuwa ni fupi. Havimo. Wasifu wa fremu ni mafaili ya .sldlfp, na jedwali la vyuma ni faili la .sldmat, violezo vya michoro navyo vina mafaili yake. Vyote hivi hupatikana kupitia orodha ya mahali pa mafaili katika chaguo za mfumo. Kama vimehifadhiwa ndani ya folda za programu ya 2019, vitoeni humo sasa na muviweke kwenye seva katika folda yenu wenyewe, kisha elekezeni toleo jipya huko. Programu saidizi ya kunakili mipangilio hutoa faili la .sldreg ambalo huhamisha vitufe, njia za mkato na njia za folda, lakini halibebi vipuri vyenyewe, wasifu wala vyuma. Nalisema hili kwa sababu wengi huhamisha faili hilo dogo na kuamini kwamba wamehamisha kila kitu.

Kuhusu mkandarasi, toleo la zamani halifungui kazi iliyohifadhiwa na toleo jipya. Kuanzia 2024, SolidWorks inaruhusu kuhifadhi kwa matoleo mawili ya nyuma, kwa hiyo ukiwa kwenye 2025 unaweza kurudi hadi 2023, na yeye yuko 2021. Mpelekeeni faili la STEP, muundo wa pamoja unaofunguliwa na programu nyingi za michoro. Atapata maumbo kamili ya kuwekea mabomba yake, bolti zikiwa na ukubwa wake halisi bila kutegemea Toolbox ya mtu, ingawa hataweza kuhariri hatua za mchoro kama mlivyozijenga. Kwa kazi ya kuweka mabomba juu ya gati, hilo latosha.

BintiLangoni amejibu:

Ongezeni orodha ya vifaa ya PDF pamoja na hiyo STEP, kwa sababu nambari za stoo na daraja la chuma mara nyingi hazivuki kwa njia hiyo, na mkandarasi akihesabu bolti kwa kutazama maumbo tu hatajua kwamba mlitaka A4.

KarakanaMalindi ameandika:

Nimezingatia. Swali la mwisho: folda ya zamani ya Toolbox kwenye seva tuifute lini?

FundiMkomani amejibu:

Msiifute kwa sasa. Kompyuta zote zikishahamia 2025, ibadilisheni ruhusa iwe ya kusoma tu, muipe jina lenye mwaka 2019, na muiache hapo hadi gati la mwisho lililochorwa kwa toleo hilo likabidhiwe kwa mwenyewe. Kazi zilizokwisha hazihitaji kupandishwa toleo zote kwa pamoja. Kila moja ifunguliwe na kuhifadhiwa upya siku mteja atakapoomba marekebisho. Zile zinazoendelea, zipitisheni kwenye kipanga kazi cha SolidWorks, ambacho kinaweza kubadilisha mafaili ya folda nzima usiku, na asubuhi mkague ripoti yake kabla ya mtu yeyote kuanza kuchora.